Saini Kutoka Ufukoni

Dada Fauzia,

Shikamoo. Sisi wa Likombe wazima, na kazi yangu ya ukarani bado ninayo, ingawa mwezi uliopita nilidhani imekwisha.

Mkuu wetu mpya, Bwana Oduya kutoka Kisumu, alisomea uongozi wa shule za kimataifa kwa wiki mbili, na cheti amekitundika ukutani. Aliniagiza niandike barua: mama yake mwanafunzi wetu Safina asipofika mwenyewe ofisini kutia saini fomu, binti hafanyi mtihani. Niliiandika, dada, nikaigonga muhuri, huku najua mama yule anakaa eda.

Nikaipeleka mezani kwake kwa woga. "Mkuu, huyu amefiwa na mume. Hatoki nyumbani mpaka miezi minne na siku kumi ziishe."

Akaichukua, nikajua nimefukuzwa. Kisha akaichana barua. "Kwenye kozi hili hawakutuambia. Sasa tufanyeje?"

"Twende sisi. Utakaa barazani na shemeji zake, mimi nitaingia na fomu."

Tukaenda kwake Ufukoni. Mama alitia saini, akauliza, "Na huyo mgeni wenu amepewa chai?" Nilipotoka nilimkuta ameshika kikombe, wazee wanamcheka, wanamfundisha kuitikia marahaba.

Safina amefanya mtihani. Wiki mbili hazitoshi, dada, hilo nina hakika nalo. Lakini siku hizi, kabla sijagonga muhuri wowote, Mkuu huniuliza, "Rehema, kuna nisichokijua?"

Nami humwambia, bila woga mwingi.

Mdogo wako akupendaye,
Rehema