Fuko wa Juu na Fuko wa Bondeni

Mama Anjela wangu,

Asubuhi hii nilikuwa nikilima nyuma ya nyumba, jembe likatumbukia katika njia ya fuko, nikacheka peke yangu. Wajukuu wakaja mbio kuuliza kuna nini. Nikawaambia wakacheze. Kicheko kile kilikuwa chetu wawili, na mwenzangu hayupo.

Unakumbuka nilipokuja huku juu, Mnyambe, kukuposa? Mwingereza alikuwa bado amekalia boma la Newala, nami nilikuwa mwalimu kijana kutoka bondeni, Lukuledi, nimetoka chuoni juzijuzi. Mjomba wako ndiye mwenye neno, maana kwenu kama kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Hakunikataa, hakunikubali. Alinipa jembe. "Lima kwanza, tukuone."

Likizo nzima nikalima shamba lake la mihogo kando ya nyumba. Wewe ulikuwa ukipita na mtungi kichwani, ukitoka bondeni kuteka maji, unajifanya hunijui. Mjomba naye alikuwa akiwaambia majirani kwa sauti nisikie: "Watu wa bondeni wanaoga kila siku kama bata. Huyu nikimpa binti, atatumalizia mtungi kabla ya jua kutoka."

Siku moja nikafukua fuko. Nikasema, bila kufikiri, kwamba huyu ni wa rangi ya majivu, na wa kwetu Lukuledi ni weusi zaidi, tena wakubwa.

"Kwani fuko si fuko tu?" mjomba akauliza.

Unanijua. Ukiniuliza swali, nitajibu mpaka mwisho. Nikaketi juu ya tuta nikaeleza. Chukua fuko wa ukoo mmoja, nikasema, kisha uwatenganishe. Wengine wabaki huku juu kwenye mchanga laini, wengine bondeni kwenye udongo mzito unaonata. Fuko hawezi kuvuka genge, mteremko huu mkali, basi hawaonani tena. Kila uzazi huleta watoto wenye tofauti ndogondogo. Bondeni, mwenye meno imara na mabega mapana atachimba vizuri zaidi, atashiba, atazaa, na watoto watamrithi. Huku juu nguvu hiyo haina faida kubwa, labda faida iko kwenye rangi inayofanana na mchanga. Hakuna fuko anayeamua kubadilika. Ni wengine tu wanaopata kuzaa zaidi ya wengine, vizazi kwa vizazi, muda mrefu kuliko kumbukumbu ya ukoo wowote. Hatimaye, hata ukiwakutanisha, hawatakiani, au wakizaa, uzao wao hauendelei. Hapo hawawi tena aina moja. Spishi moja imekuwa mbili.

Nilijiona nimefundisha vizuri. Mjomba alisikiliza, akatikisa kichwa taratibu, akawageukia majirani.

"Mmesikia? Mwalimu amesema mwenyewe. Wa juu ni wa juu, wa bondeni ni wa bondeni. Hawatakiani, na wakizaa, uzao hauendelei. Mwanangu, asante kwa kulima. Jembe liegemeze pale ukutani."

Majirani walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi sikucheka. Niliona posa yangu ikizikwa kwa maneno yangu mwenyewe, na kila nililotaka kuongeza lilikuwa linachimba shimo lile lile.

Wakati huo ulikuwa umefika, unatua mtungi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umesikia elimu ya mwalimu wako?"

"Nimesikia. Huyo fuko, mjomba, ameshawahi kwenda kuteka maji?"

"Fuko ateke maji kwa kitu gani?"

"Basi si mfano wetu. Sisi tunateremka kila siku, na huko kisimani tunakutana na watu. Babu, baba yako mwenyewe, alitoka wapi kama si bondeni? Alimkuta bibi kisimani, akambebea mtungi mpaka hapa, hakurudi kwao tena. Kama uzao wa juu na bondeni hauendelei, mjomba, wewe umetoka wapi?"

Majirani waliacha kumcheka mwalimu, wakaanza kumcheka mwenye shamba. Mjomba akacheka kuliko wote. "Mwambie bata wako anawe mikono," akasema, "maji kidogo, aje kula."

Tangu siku ile nimewafundisha watoto wengi, na sijaacha kuongeza kipande ulichonipa. Kutengana hakuzai spishi mpya kama mlango haujafungwa kabisa. Njia nyembamba ya kuchanganyika, ya mtu mmoja mmoja kwa kila kizazi, yatosha kuwashika viumbe wa pande mbili wabaki aina moja. Binadamu hajawahi kukaa peke yake muda wa kutosha. Daima kuna anayeteremka.

Sasa nikupe habari. Baada ya arobaini yako, dada yangu alikuja kutoka Lukuledi kunichukua. Desturi unaijua: mume akifiwa, hurudi kwa dada zake. Alikuwa ameshafunga nguo zangu, nami sikumzuia. Niliogopa kuuliza kama nina haki ya kubaki juu huku bila wewe. Ndipo akaingia mtoto wa dada yako, yule aliyerithi nafasi ya mjomba. Alimwamkia dada yangu kwa heshima, akaketi, akasema, "Shangazi, chakula utakula, na kulala utalala. Lakini baba mkubwa haendi popote. Huyu ni wetu." Akazifungua nguo zangu mwenyewe, akazitundika ukutani.

Kila mtu alinitazama, wakingoja nieleze kitu. Nilivua viatu vya safari, mke wangu. Nilikaa.

Pumzika salama,
Mumeo, Baba Anjela