Tonge la Sita

Jumatatu, 6 Februari 2017. Rukoki

Kilo 134. Wiki iliyopita 136.

Asubuhi: yai moja la kuchemsha, limepondwa. Kijiko cha chai, si kile kikubwa. Kila kijiko nimetafuna mara ishirini na tano kama alivyoagiza sista wa kliniki ya Kasese. Yai halina cha kutafuna. Nimetafuna hata hivyo. Amri ni amri.

Sista ndiye aliyesema niandike kila kinachoingia kinywani. Nimechukua daftari la mashine yangu ya kusaga, kurasa za nyuma. Ninaandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichoandikia ripoti miaka ishirini na miwili jeshini. Biira, mke wangu, akilifungua hatajisumbua kulisoma.

Tumbo lilikatwa Kampala mwezi uliopita. Wamebakiza mfuko usiozidi ndizi moja. Kisukari kilikuwa kimefika miguuni, nilikuwa na kilo 151, na daktari hakuzunguka: ukatwe au uzikwe. Hapa watu wameambiwa ilikuwa ngiri. Anayejua ni Biira peke yake. Sajenti Bwambale, aliyewakimbiza makuruta wanene mpaka wakalia, akatwe tumbo kwa ajili ya ulaji? Hapana. Ni ngiri.

Sista aliuliza: ukishiba unajisikiaje? Jeshini ni dakika tatu, sahani iwe nyeupe, simama. Nilikula mpaka chakula kiishe. Kushiba sikujui.

Alhamisi, 9 Februari

Nimekosa. Uji vijiko vinne, halafu kiu, halafu maji kikombe kizima papo hapo. Sheria inasema nusu saa kati ya chakula na maji. Nilidhani ni sheria ya kwenye karatasi tu.

Maumivu chini ya kifua, kama nimemeza jiwe. Nimetapika nyuma ya mashine, wateja wakisubiri unga wao. Mama mmoja akasema, "Pole afande, hiyo ngiri itakumaliza." Nikamjibu kwamba ngiri inaendelea vizuri.

Kutwa nasaga muhogo. Unga umenikaa mpaka kwenye nyusi. Na obundu, ugali wetu wa muhogo, bado siruhusiwi hata kuulamba. Mungu ana utani wake.

Jumapili, 19 Februari

Chai ya kanisani. Mama wa jikoni amenitilia sukari kama zamani, vijiko vinne, kwa upendo. Nimekunywa nusu kikombe. Dakika kumi hazikuisha: jasho, moyo mbio, miguu haina nguvu. Nimelala kwenye benchi la kwaya. Mchungaji alidhani Roho amenishukia.

Sukari, kwaheri. Ninaandika ili nisijidanganye: nyumbani nimelia. Kwa ajili ya chai. Mtu mzima wa miaka hamsini na nne.

Jumatatu, 20 Februari

Uji bila sukari. Mbaya. Nimeumaliza.

Jumatano, 1 Machi

Kwaresima imeanza. Bwana asifiwe. Siku arobaini hakuna atakayeuliza kwa nini sahani yangu ni ndogo.

Kilo 127. Mkanda umeishiwa matundu, nimetoboa mawili kwa msumari.

Tarehe 11 tunakwenda Bwera. Binti yetu Masika ameposwa na Kasereka, kijana wa Butembo. Familia yao ilikimbia vita kule Kongo, sasa wanauza vitenge pale mpakani. Watu wazuri, Wakatoliki wa kweli. Sherehe ya kumtoa Masika itakuwa hapa kwetu tarehe 22 Aprili, baada ya Pasaka. Kwanza wametuita tukaone atakapoishi.

Masika ana furaha mpaka anaimba akifua. Sijamsikia akiimba tangu amalize shule.

Jumamosi, 11 Machi

Siku mbaya. Naandika yote.

Mama Kasereka ni mjane, ndiye kichwa cha nyumba ile. Alipika tangu alfajiri. Kuku. Sombe, majani ya muhogo. Ngege, samaki wanene kutoka ziwani Hamukungu. Obundu, kilima kizima, mvuke unapanda. Nikasema nimefunga. Akacheka.

"Baba Masika, Kwaresima gani ya kukatala kuku ya bakwe? Hata padiri anakulaka."

Meza nzima ikautazama mkono wangu. Huku kwetu mgeni asiyegusa chakula amesema neno moja tu: sumu. Halitamkwi. Mkono usioenda kwenye sahani umeshalitamka.

Nikaogopa. Nilipigwa risasi mara moja maishani na sikuogopa vile. Nikaupa mkono amri: songa. Nikakata tonge la zamani, la ukubwa wa ngumi ya mtoto, nikalimeza. Obundu haitafunwi, inamezwa. Kila mtoto wa milima hii anajua. Aliyetafuna obundu alichekwa na bibi yake.

Likakwama. Mate yakajaa, machozi yakajaa. Nikatoka mbio mpaka migombani nikalitema. Nilipogeuka, Mama Kasereka alikuwa mlangoni, jagi la maji mkononi. Alilitazama tonge pale chini, zima, halina alama ya jino. Akarudi ndani.

Chakula kingine sikugusa. Tumeaga mapema, tukarudi.

Jumanne, 14 Machi

Amekuja Thembo, mshenga wetu, yule anayebadilisha fedha mpakani. Alikataa kukaa. Nikajua.

Ujumbe wa Mama Kasereka, neno kwa neno: "Ambia ule muzee, sisi hatulogake mutu. Kama anaogopa chakula yetu, mutoto wake ataishi aje mu nyumba yetu?"

Wanafikiria kuvunja posa. Thembo anasema mjomba wa kijana ameshakubali ivunjwe. Kijana anabishana nao peke yake.

Biira amesema niende nikawaambie ukweli. Nimesema hapana. Nimeipiga meza. Biira ametoa sahani. Nina hasira na wote, na mimi ndiye mwenye kosa. Leo maziwa ya mgando vijiko vitatu. Sikusikia ladha.

Ijumaa, 17 Machi

Masika hali. Siku ya tatu. Nyumba yenye watu wawili wasiokula, mmoja kwa kisu, mmoja kwa huzuni.

Nimemwita mashineni, nikazima mota, nikamwambia. Kampala, tumbo, daftari hili. Nilidhani atacheka au atanionea haya.

Alinikasirikia. "Daddy, mimi nilijua unakufa! Watu wanasema ni siliimu, mimi nanyamaza, nalia kwa choo! Na ni hii tu?"

Kumbe nilipokuwa nalinda jina langu, watu walishanipa ukimwi na mtoto alikuwa ananizika. Nimemwomba msamaha. Sikumbuki nimemwomba nani msamaha kabla ya leo. Makuruta hatukuwaomba.

Jumapili, 2 Aprili

Kilo 121. Sista amepunguza dawa ya kisukari tena. Ameruhusu vyakula vigumu, kidogo kidogo. Nikauliza: na obundu? Akafikiri. "Ukiitafuna."

Jana nilimtuma Thembo Bwera: waje tarehe 22 kama tulivyopanga, majibu yote nitawapa siku hiyo, kwa mdomo wangu. Maneno ya namna hii hayatumwi. Jibu limekuja jioni hii. Watakuja. Lakini hakuna mtu wao atakayegusa chakula wala kinywaji mpaka mimi nile mbele yao na nimalize sahani yangu. Wana haki. Mwenye nyumba huonja kwanza, ndiyo desturi, na mimi ndiye niliyeanza.

Kwa hiyo kuna siku ishirini. Nimeshawahi kuandaa watu kwa siku chache zaidi.

Jumatano, 5 Aprili

Mazoezi. Tonge moja, ukubwa wa punje ya haragwe, na mchuzi wa ngege. Ishirini na tano. Obundu ikitafunwa inageuka gundi. Ndivyo bibi alivyosema. Limeshuka. Halikurudi.

Jumapili, 9 Aprili

Matonge matatu. La tatu nililiharakisha, limerudi. Nimeandika kwa mkaa kwenye ukuta wa mashine: POLEPOLE. Mteja ameuliza kama ni jina jipya la biashara.

Alhamisi, 13 Aprili

Matonge matano. Dakika ishirini na mbili. La sita limekataa, na chini ya sita si sahani ya mwenye nyumba.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka

Kwaresima imeisha na kinga yangu imeisha nayo. Kaka yangu Mumbere amechinja mbuzi. Akaniwekea paja. "Kula, wewe! Nani amekuloga?" Neno hilo tena. Nimekula vipande viwili vya ukubwa wa kucha, nikatafuna, nikamwambia basi. Akaudhika. Audhike. Nilitaka lile paja kuliko ninavyoweza kuandika.

Matonge sita bado hayajaingia. Siku sita zimebaki.

Ijumaa, 21 Aprili

Matano. Biira anasema atakata matano kesho, nani atahesabu? Nimekataa. Sahani ya matano itaonekana ya ujanja. Akate sita. Masika ameleta nguo yake nione. Nimesema imekaa vizuri.

Jumamosi, 22 Aprili

Imekwisha. Naandika jioni, wageni wameondoka.

Walikuja watu arobaini, mbuzi wao wakafungwa kwenye mparachichi. Salamu baridi. Mjomba wa kijana alinipa vidole badala ya mkono. Mazungumzo yakaenda kama karatasi ya ratiba inavyotaka. Halafu chakula. Mikono ikanawishwa, na mikono yote arobaini ya upande wao ikarudi magotini. Mvuke unapanda, nzi wanashuka, hakuna anayesogea. Watu wetu nao wakasimamisha mikono. Masika alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa chini, kama ilivyo desturi. Niliona mabega yake yamepanda mpaka masikioni.

Nikasimama. Sauti ikatoka ile ya gwaride, sikuipanga.

Nikasema: sikuwa na ngiri. Nilikatwa tumbo kwa sababu nilikula mpaka nikakaribia kufa, na nikaona haya kusema. Kule Bwera chakula hakikuwa na kosa. Nilimeza tonge la mtu mwenye tumbo, na mimi sina. Obundu haitafunwi, najua. Leo itatafunwa, kila tonge mara ishirini na tano, na kinywaji ni baada ya nusu saa. Mnisubiri.

Mumbere akafunika uso kwa kofia.

Nikakaa. Tonge la kwanza. Kutafuna peke yako mbele ya watu mia ni kazi ngumu kuliko lindo la mvua. Nasikia taya zangu. Nikaona midomo ya Mama Kasereka inacheza. Alikuwa anahesabu. Nilipomeza akasema kwa sauti, "Makumi mbili na tano." Akageukia watu wake. "Ni kweli."

La pili alihesabu wazi. La tatu watoto walidakia. La nne hata mjomba. Mchuzi ulishapoa. Bibi mmoja wa kwetu alisinzia, akaamshwa.

La tano likashuka. Likabaki moja.

Nikanyoosha mkono, na hapo likatokea jambo. Si maumivu. Si jiwe. Chini ya kifua palitulia tu, kama mota inapozimwa na unga wote umeshatoka. Mkono wenyewe ukasimama, bila amri. Nikaelewa kuwa hili ndilo aliloniuliza sista.

Walikuwa wamesema nimalize. Tonge liko pale, kila mtu analiona. Lingeweza kuingia kwa nguvu, na lingetoka mbele ya wakwe, na huo ndio ungekuwa mwisho wa Masika. Nikasema ukweli mara ya pili siku hiyo.

"Nimeshiba."

Mjomba aliangalia sahani, akaniangalia. Mama Kasereka akainuka. Alitembea katikati ya mkeka, mkwe mwanamke, mbele ya watu wote, jambo lisilofanywa. Akachukua tonge la sita kutoka kwenye sahani yangu, akalichovya kwenye mchuzi wangu, akalimeza. Bila kutafuna, kama inavyopaswa.

"Sasa bantu bakule," akasema. "Chakula inapoa."

Mikono yote ikaingia kwa pamoja. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile. Kibuyu cha tonto, pombe ya ndizi, kilipofika kwangu niligusisha mdomo tu, nikakipitisha. Mama Kasereka alikipokea, akanionya kwa kidole: "Nusu saa, Baba Masika." Kasereka alicheka kwanza, halafu Masika, kichwa bado chini.

Nilikwenda nyuma ya mashine nikalia. Dakika mbili. Nikanawa uso, nikarudi kwa wageni.

Jumanne, 2 Mei

Kilo 116.

Mvua asubuhi, wateja wachache. Masika amepiga simu kutoka Bwera. Yuko salama. Anasema mama mkwe anatwanga sombe mara tatu siku hizi, ili iwe laini nikifika, na kuulizia jina la daktari wa Kampala, eti ni kwa ajili ya mjomba.

Kwenye bakuli langu kubwa la kulia jeshini nimewawekea kuku maji. Wanalipenda.

Mchana: obundu, ngege, mboga kidogo. Biira bado anakata matonge sita, kwa mazoea. Nimekula matano. La sita amelichukua yeye, bila kuniuliza, akiendelea na habari za jirani.

Nusu saa imepita. Nimekunywa maji.