Mbegu Iliyorudi Kutoka Inyonga

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Ilembo hatujambo, ila babu yako anakohoa kidogo. Umeniuliza kama utafiti wako wa vinasaba vya muhogo una faida, maana wenzako hawautaji kwenye maandishi yao.

Nilipokuwa binti, muhogo wangu tu, wenye shina jekundu, ndio uliostahimili ugonjwa. Kila aliyeomba pingili za kupanda nilimkatia. Kwetu mbegu ya muhogo hanyimwi mtu. Baadaye nguruwe pori wakamaliza shamba. Nilipokwenda msibani Inyonga, nikaomba mbegu kwa mama mmoja nisiyemjua. Nilipoona shina lake jekundu nikaitambua: ni ileile iliyoanzia kwangu. Yule mama akanielekeza namna ya kuipanda.

Jina langu hakulitaja, nami sikulitaja. Nilibeba mzigo wangu, nikapanda, tukala.

Bibi yako