Flashi ya Bibi Yusta

Lulu weee, uko wapi? Zabron, kaka yangu wa kompyuta, leo kaumbuka!

Si unajua aliskani picha zote za ukoo, zile zilizoanza kuliwa na ukungu hapa Malindi? Akaziweka kwenye flashi, akampa Bibi Yusta: "Bibi, itunze hadi vitukuu waione."

Leo baada ya ibada ukoo mzima umejaa sebuleni, na mchungaji wetu yumo, TV imewashwa. "Bibi, flashi iko wapi?"

"Nimeihifadhi na mbegu za maharage. Nimeipaka majivu isibunguliwe."

ISIBUNGULIWE, Lulu! Flashi!

Shangazi Secilia akashika mdomo. Mbegu zile kazipanda juzi, tena bila miwani.

Na kompyuta ya Zabron ilishakufa, picha zenyewe ukungu umeshazimaliza, hakuna nakala nyingine! Mbio shambani. Wazee na suti zao, mchungaji kapiga magoti kwenye tuta, Zabron analia kabisa.

Secilia kaipata. Ikafutwa udongo, ikachomekwa... ikafunguka! Babu huyo, kijana, kavaa suruali ya bugaluu!

Zabron akaomba atoe nakala. Bibi kaichomoa, kaificha kifuani: "Kompyuta yako ilifia ndani ya nyumba. Hii imezikwa, ikafufuka. Nani anajua kutunza?"

Mchungaji akajibu, "Amina."