Baruti ya Marehemu Kaka Yangu Bado Imo Mtutuni

Shangazi Verna, mimi ni mmoja wa wale wanaosoma ukurasa wako kisha wanawacheka wale wanaokuletea mambo ya nyumbani, na leo zamu imenifika, kwa hiyo naomba unisitiri jina na unisaidie kabla hakijatokea kitu ambacho hakitarekebishika.

Kaka yangu Harlan alifariki Januari, katika ule msimu wa baada ya Krismasi ambao sisi wa mabonde haya tunawinda kulungu kwa gumegume tu, bunduki za jiwe na baruti nyeusi kama za mababu zetu, na unajua kwetu mwindaji akirudi jioni mikono mitupu hafyatui risasi bure, anafuta tu ile baruti kidogo ya kuwashia iliyo nje kwenye kisahani, anaiacha bunduki kwenye baraza la nyuma palipo baridi ili isitoke jasho kwa joto la ndani, na kesho anaendelea na baruti ile ile aliyoishindilia. Harlan alifanya hivyo. Alikula nguruwe na kabichi chachu, akamtania mkewe Rhoda kwamba kulungu wa mwaka huu wamesoma kumzidi yeye, akaenda kulala, na asubuhi Rhoda alipomwamsha hakuamka, moyo ulikuwa umesimama usingizini. Siku ya mazishi mtu mmoja, hatujui nani, aliiona bunduki imeachwa barazani akaona si heshima, akaiingiza ndani akaitundika mahali pake pa siku zote, ukutani juu ya kochi, na kwa kilio kile hakuna aliyewaza kuikagua.

Kaka ameacha watoto wawili, Tressa wa miaka kumi na tatu na mdogo wake Wendell ambaye hajaanza shule. Katika ukoo wetu mtoto hufundishwa bunduki hizi na baba yake mzazi, ndiye anayempimia baruti ya mara ya kwanza na kumshika bega wakati anafyatua, na Tressa alikuwa ameahidiwa kwamba theluji ikiyeyuka tu ataanza. Basi Rhoda akaniita akasema, “Shemeji, mfundishe wewe. Mtoto hali, hasemi, labda hilo litamfungua mdomo.” Nikawa nampeleka uwanja wa klabu kila Jumamosi na bunduki yangu nyepesi, nikamfundisha kupima baruti kwenye kikombe chake na kamwe asiimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuwekea baruti, kuifunga risasi kwa kitambaa chenye mafuta, kuisukuma kwa ufito mpaka ikae juu ya baruti pasibaki nafasi, na Shangazi, yule mtoto ana mkono wa baba yake. Akaanza hata kunitania mbele ya wenzangu, “Ba’mdogo, mbona unafumba macho kabla moshi haujatoka? Unampiga nani hivyo, mawingu?” Watu wakaangua kicheko, na mimi nikafurahi kwa mara ya kwanza tangu tumzike Harlan.

Mwezi uliopita akaishusha bunduki ya baba yake ili aisafishe. Nilikuwa nimemfundisha kwamba bunduki yoyote unayoishika kwanza unatumbukiza ufito mtutuni, kwa sababu ufito una alama mbili za kisu, moja ya mtutu mtupu na moja ya mtutu uliojaa. Akatumbukiza. Akanipigia simu nije, akanipeleka kwenye karakana ya baba yake akafunga mlango.

“Ba’mdogo, ina kitu.”

“Kitu gani?”

“Ya Baba. Ile ya siku ile. Bado imo.”

Nikamwambia twende uwanjani tuitoe sasa hivi. Akaikumbatia bunduki.

“Usiiguse! Hiyo ameishindilia yeye. Hata kitambaa alikata yeye, kwenye shati lake la bluu, nilikuwa nimekaa pale namwona. Ukiitoa atakuwa hayupo kabisa.”

“Tressa, mwanangu, hiyo ni hatari.”

“Basi niapie. Niapie humwambii Mama na huitoi. Nitaipiga mwenyewe kwa kulungu wangu wa kwanza, Krismasi ikipita. Si ulisema utanifanyia kama angenifanyia yeye?”

Nikaapa. Nikalegeza skrubu nikaling’oa lile jiwe kwenye nyundo, nikaziba kwa kijiti kitundu cha moto, kile cha ubavuni mwa mtutu ambacho cheche hupitia kuifikia baruti, tukaitundika tena, nikajiambia pasipo jiwe hakuna cheche, na pasipo cheche hakuna kitu.

Jumapili iliyopita Rhoda alinialika chakula cha mchana, na nilipoingia sebuleni nikamkuta Wendell amesimama juu ya mgongo wa kochi, kile kijiti amekitupa sakafuni, ameokota jiwe uani na anahangaika kulipachika kwenye nyundo. Akaniambia, “Ba’mdogo, bunduki ya Baba imeng’oka jino. Naiwekea lingine.” Rhoda alikuwa jikoni, akacheka, “Mwache tu shemeji, anacheza na baba yake.” Tressa akaniangalia akatikisa kichwa kidogo, maana yake nisiseme. Nikamteremsha mtoto, nikakaa mezani, nikala, na sikusema.

Tangu siku hiyo silali vizuri na kazini naharibu vitu. Nikisema, Tressa atafunga mdomo tena na safari hii mimi ndiye nitakayekuwa nimemfunga. Nisiposema, unajua mwenyewe. Na nikuambie yote, Shangazi, hata ukiniamuru niitoe leo, mkono wangu unakataa, kwa sababu na mimi nikiiangalia pale ukutani naona kama kaka yangu hajamaliza.

Nifanyeje?

Ba’mdogo Mwenye Kiapo

SHANGAZI VERNA ANAJIBU

Ba’mdogo, barua yako nimeipata Jumatatu na gazeti linatoka Alhamisi, na kwa sababu ulificha jina sikuwa na namba ya kukupigia. Siku zote hizo nimekuwa nikimwona Wendell juu ya lile kochi. Naomba Mungu yuko salama. Sasa weka gazeti chini uende ukaishushe bunduki ile, ukirudi utaendelea kusoma.

Umeishusha? Haya. Kwanza pole. Nasema pole ya kweli, maana mume wangu naye alipiga bunduki hizo hizo, na alipokufa koti lake la kuwindia lilikaa msumarini mpaka nondo wakalimaliza, na mtu aliyethubutu kuligusa nilimfokea. Kwa hiyo Tressa namwelewa, na wewe nakuelewa. Ila koti lilikuwa koti. Wewe umetundika baruti na risasi juu ya vichwa vya watoto wa marehemu, kisha ukakaa chini yake ukala chakula cha mama yao.

Unaniambia uling’oa jiwe. Mtoto ambaye hajaanza shule ameliona pengo na ameanza kuliziba! Na bado ukatazamwa na binti wa miaka kumi na tatu, ukatii. Ulipoapa ulikuwa unaogopa kununiwa, hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe, na kiapo cha kumficha mama hatari iliyo ndani ya nyumba yake hakimfungi mtu yeyote.

Na hilo la kuipiga kwa kulungu lifute kabisa. Baruti ya Januari imenyonya unyevu tangu hapo. Bunduki imebebwa, imetundikwa, imeshushwa, na risasi ikiwa imesogea mbele kidogo ikaacha nafasi, mtutu unaweza kupasuka karibu na shavu la mtoto. Haya hukuyasoma kwangu. Unamfundisha mwenyewe kila Jumamosi.

Fanya hivi. Leo, ukiwa nje, ingiza maji kwenye kile kitundu cha moto, ingiza tena na tena mpaka uhakikishe baruti imekuwa tope. Usimtume mtu, fanya kwa mkono wako huo unaokataa. Kisha waite Rhoda na Tressa wakae pamoja, na wewe ndiye useme. Usimwachie binti aseme, na usiseme “Tressa aliniomba.” Sema, “Nilijua, nikanyamaza.” Rhoda atakutukana, na ana haki. Tressa atakuambia wewe si kama baba yake, na atapiga mlango. Mwache apige. Usimkimbilie na maelezo.

Jumamosi nenda naye uwanjani akikubali. Mwombe mtu mwenye uzoefu klabuni akuazime skrubu ya kutolea risasi, ifungeni kwenye ncha ya ufito, kisha mwachie Tressa aizungushe na kuvuta. Itatoka risasi, na kitakuja kipande cha lile shati. Ni vyake, avitunze anavyotaka. Tope limwagwe, mtutu uoshwe, na tangu siku hiyo bunduki ikae kabatini na ufunguo awe nao Rhoda. Tressa akikataa kwenda, itoe bila yeye, usingoje wiki nyingine.

Siwezi kukuahidi kwamba atakutania tena. Huenda akakununia mpaka msimu uishe, huenda mwaka, huenda asiishike bunduki tena maishani mwake, na Jumamosi zako zitarudi kuwa ndefu. Hilo litauma na sina dawa yake. Lakini utakuwa unanuniwa na mtoto aliye hai, na mdogo wake atakuwa anacheza uani.

Kaka yako aliiacha imejaa kwa sababu alijua ataamka. Alikusudia kuitoa mwenyewe, kama anavyofanya kila mwindaji wa bonde hili. Hakuamka, na ndugu yake aliyebaki ni wewe.