Farasi Anayesikia Nzi

Binti yangu Safi, mama,

Mimi baba yako ni mzima, ila mgongo unaniuma. Kwenye shamba la ng'ombe hapa Kamina kuna farasi mkaidi, asipotulia watamchinja. Jana nilimpanda, nikampiga visigino kwa nguvu ili atembee, akanitupa kwenye majani. Papa Ngoy, anayemfundisha upya, akaniambia nivue viatu.

"Huyu iko anasikia hata nzi kwa ngozi," akasema, "na weye unamupiga vile?"

Nikapanda tena peku, nikamgusa kidogo tu. Akatembea taratibu, sikio moja amenigeuzia.

Nikakumbuka ninavyokugongea mlango kwa makelele kila asubuhi nikiwa nyumbani, nawe unazidi kunyamaza ndani. Mama, nikirudi, nitakuja kukuamsha bila viatu.

Baba yako