Valkea Aliyoililia Mama Yako

Tyyne Ylitalo,
Kijiji cha Mieto,
Kurikka, Finland.
17 Januari 1988

Mpendwa mwanangu Sylvia,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye theluji yetu, nikiamini kwamba theluji yenu huko Thunder Bay haijawafunika. Hujambo, mwanangu? Mumeo Walter, mgongo umemwachia? Sisi wazima, ila magoti yangu hulalamika kabla sijainuka. Bi Lempi, jirani yako anayekusomea barua hii, naye nampa heshima zake.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, hata koti sijavua. Nilicheka, nikalia, kisha nikateleka kahawa.

Kumbe mlihangaika kiasi hicho! Kiharusi kimemnyang'anya mama yako Kiingereza chote, kimemwachia lugha ya kwao tu, naye kutwa analilia valkea. Bi Lempi kasema ni "nyeupe", kamusi nayo ikamuunga mkono. Basi blanketi jeupe, maua meupe, na maskini Walter kapanda ngazi na mgongo wake kupaka chumba chake cha nyumba ya wazee rangi nyeupe! Na dada yangu anazidi kugeukia ukuta.

Bi Lempi usimlaumu. Yeye ni wa Helsinki, na huko valkea ni weupe basi. Ninyi kwa Kiingereza mna neno moja, "light", mnalitwika kila kitu: mwanga wa taa, kuwasha jiko, hata mzigo usio mzito. Sisi mwanga wa taa ni valo, mzigo mwepesi ni kevyt, na moto ni tuli. Lakini hapa Mieto wazee wetu moto wa jikoni waliuita valkea. Si moto wa kuunguza nyumba. Ni ule unaokupa joto na mwanga kwa pamoja. Ndiyo maana uliponipigia simu kupitia Bi Lempi kabla ya Krismasi nilipiga kelele, "Anataka moto! Muwashieni moto!"

Sasa unauliza, kwa nini moto, na si mkate wala mama yake? Najua hakukusimulia. Mama yako Aune hakuwa mtu wa kujisimulia.

Ilikuwa majira ya baridi wakati wa vita. Baba yuko mstari wa mbele, viberiti havipatikani dukani, na mdogo wetu Reino, kitoto kichanga, kifua kimembana. Kila usiku mama alifukia makaa kwenye majivu. Siku hiyo tukaamka, jiko limekufa. Nje kunavuma tufani ya theluji, hata ghala la nyasi ng'ambo ya uwanja halionekani. Mama hakuweza kumwacha mtoto, na mimi nilikuwa mdogo mno. Aune, kibinti tu, akachukua chungu cha chuma, akavaa ski, zile mbao za kutelezea thelujini, akaenda kupalia moto kwa Fiina, jirani yetu.

Fiina alikuwa na ulimi. Baadaye alitusimulia kwamba alipofungua mlango alimwambia, "We mtoto, umekuwa kinyago cha barafu! Kaa upate joto kwanza."

"Sikai," Aune akajibu. "Nikikaa, makaa yatazimika."

"Na ukianguka?"

"Nitaangukia mgongo."

Na kweli alianguka, akaangukia mgongo, chungu kakikumbatia kifuani. Kovu lile kidevuni mwake ambalo aliwaambia ni la kuteleza, ni la mdomo wa chungu kile. Sisi tuko ndani, mama amemfunika Reino ndani ya nguo yake, anaimba bila sauti. Mlango ukafunguka kwa teke. Aune kajaa theluji hadi kwenye kope, akasema neno moja tu: "Valkea."

Mama alipuliza makaa yale amepiga magoti. Gome la mti likashika, ukuta mzima ukawa wa dhahabu, na Reino akakohoa, akalia kwa nguvu. Sijapata kusikia kilio kitamu kama kile. Sasa Reino ni babu mwenye kitambi, na nilipomsomea barua yako alitoka nje akapasua kuni ambazo hatuzihitaji.

Umeniandikia kwamba mlimleta nyumbani, mkawasha jiko la kuni, akanyoosha mikono, akasema maneno ambayo Bi Lempi aliyafasiri, "Sasa leteni sufuria ya kahawa, mbona mmesimama kama nguzo?" Huyo ndiye dada yangu! Nilimkosa miaka yote hii.

Basi sikiliza. Mimi ambaye hata Helsinki sijafika, nimepiga picha ya pasipoti. Nimetoka kama mwizi wa kuku. Reino anasema, "Tyyne, ndege itakuua." Nimemwambia afadhali iniue mimi kuliko Aune afe sijamwona. Nakuja mwezi wa Machi. Msimwambie kitu, nataka aniulize mwenyewe kwa nini nimechelewa.

Nisalimie Walter na wanao. Reino na mkewe Hilkka wanawasalimu sana. Mungu ailinde nyumba yenu na wote wanaolala ndani yake.

Mama yako mdogo anayekupenda kama aliyekuzaa mwenyewe,

Tyyne